Kabla ya Krismasi: Kuosha Ukuta wa Matofali bila Kuuharibu

Ukipita Rau, hapa Moshi, wiki mbili kabla ya Krismasi, utasikia brashi za waya kabla hujasikia kwaya. Watu wa Dar es Salaam wako njiani kupanda nyumbani, nyumba ya mzee imekaa mwaka mzima bila mtu wa kuangalia kuta zake, na upande mmoja umevaa kijani kama jiwe la mtoni. Anatafutwa kijana yeyote mwenye ndoo. Anakuja na asidi, brashi ya waya na kopo la vanishi. Siku tatu baadaye ukuta unang'aa, wageni wanasifu, picha zinapigwa. Masika yakipita, matofali yaleyale yanaanza kuchubuka uso na kumwaga unga mwekundu barazani. Mwenye nyumba anasema matofali yalikuwa mabovu. Mara nyingi hayakuwa mabovu. Yaliogeshwa vibaya.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuosha ukuta mwenyewe, au kumsimamia anayekuoshea. Jambo la kwanza ni tarehe: fanya kazi hii Agosti au Septemba. Desemba umechelewa, ukuta bado una maji ya vuli ndani yake.

Kwanza jiulize maji yanatoka wapi

Uchafu wa ukutani ni dalili. Kijani, weusi na chumvi nyeupe vyote vinahitaji maji, na maji yasipozuiwa vitarudi hata ukisugua kila mwezi. Kwa hiyo kabla ya kununua sabuni, zunguka nyumba yako mara moja mvua ikinyesha, umevaa koti, ukiangalia tu.

Anza na upande wa kusini, ule unaotazama mashamba ya miwa ya TPC ukiupa Mlima Kilimanjaro kisogo. Moshi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana huwa upande wa mlima. Ukuta wa kusini basi unalowa masika yote, kisha unapita Juni na Julai za mawingu na baridi bila kuonja jua. Ndiyo maana nyumba moja huwa na uso safi na mgongo wa kijani. Wala si uzembe wa mtu.

Kisha angalia migomba. Kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, tuna desturi ya kuisogeza migomba hadi dirishani, na kivuli chake pamoja na majani yanayougusa ukuta huuweka na unyevu mchana kutwa. Acha nafasi ya mita moja hadi mbili. Sijasema ung'oe mgomba wa mzee. Hamisha machipukizi, kata majani yanayogusa ukuta, mengine mtaelewana.

Halafu angalia chini. Paa lisilo na gata humwaga maji kwenye udongo mwekundu, nao unaruka na kuupaka ukuta hadi usawa wa goti. Tandaza kokoto chini ya michirizi ya paa, upana wa nusu mita, na tope hilo litapungua sana hata kabla hujafunga gata.

La mwisho ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Msitu wa Rau wenyewe unaishi kwa maji ya chini ya ardhi, na sehemu za bondeni maji hayako mbali na msingi wa nyumba. Ikiwa msingi ulijengwa bila ile nailoni ngumu ambayo mafundi huiita DPC, matofali hunyonya maji kama utambi wa kibatari. Alama yake ni mstari wa unyevu na chumvi, mita moja hivi kutoka chini, usiokauka hata kiangazi. Hapo kuosha hakutasaidia. Tafuta fundi wa msingi kwanza, na uchimbe mfereji wa kutoa maji kando ya nyumba.

Una ukuta gani?

Matofali ya kuchoma. Kwenye tanuri la mtaani, matofali yaliyokaa karibu na moto huiva vizuri na yale ya pembeni hutoka nusu mabichi. Yote hupelekwa kwenye ujenzi mmoja. Tofali lililoiva lina gamba gumu la nje lililotengenezwa na moto, na gamba hilo ndilo koti lake la mvua. Ukilikwangua, ndani ni laini na linanyonya maji. Hakuna fundi wa kulirudisha.

Matofali ya saruji na lipu. Hayaogopi brashi sana, lakini yanaliwa na asidi.

Mawe. Jiwe jeusi la volkano ni gumu, ila lina vitundu vinavyoficha uoto. Udhaifu wake uko kwenye viungio. Majengo ya zamani ya mlimani, kama yale ya misheni zilizoanza miaka ya 1890 huko Kilema, Kibosho na Machame, na hata ya mjini baada ya reli ya Tanga kufika Moshi mwaka 1911, ni ya enzi ambayo chokaa kilikuwa kitu cha kawaida kwa fundi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji iliagizwa kutoka nje. Kiungio cha chokaa ni laini kuliko jiwe, na maji ya presha hukichimbua kama panya kwenye ghala. Kama jengo ni la kale na la umma, usiguse kabla ya kuzungumza na Idara ya Malikale.

| KIPIMO CHA DAKIKA TANO |
|---|
| Msumari. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana. Ukiacha mstari mwepesi tu, tofali limeiva. Ukitoa unga, ni laini: tumia maji na brashi laini pekee. |
| Tone la maji. Dondoshea maji kwenye tofali. Likiyanywa papo hapo, litakunywa na dawa yako pia. |
| Ufunguo. Pitisha kwenye kiungio. Mchanga ukimwagika, ziba viungio kwanza, osha baadaye. |

Una uchafu gani?

Kila uchafu una dawa yake, na mwingine huzidi ukikosea.

- Kijani chenye utelezi na madoa meusi (wengi tunaita fangasi): sabuni na brashi, vikikataa, jiki iliyopunguzwa.
- Chumvi nyeupe kama unga: brashi kavu, bila maji. Ukiimwagia maji inayeyuka, inarudi ndani ya tofali, na jua likiwaka inatoka tena. Fagia, ikusanye kwenye turubai, itupe. Nyumba mpya hutoa chumvi misimu ya kwanza kisha hupungua yenyewe. Vumilia.
- Tope jekundu: liache likauke kabisa, lipige brashi, kisha maji.
- Masizi ya jikoni: maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili au tatu.
- Kutu iliyochuruzika kutoka kwenye nondo au dirisha: paka chuma rangi ya kuzuia kutu. Doa lenyewe mara nyingi ni bora ulizoee.
- Vimea vilivyoota kwenye nyufa: vikate usawa wa ukuta na uache mizizi ife. Ukivuta, unakuja na kiungio.

Nina maoni yangu kuhusu mabaka ya kijivu yanayokaa juu ya mawe ya zamani. Hayadhuru kwa kasi ya kutisha, na ukuta wa jiwe wa miaka mingi una haki ya kuonekana una miaka mingi. Mimi huyaacha.

Vifaa

Ndoo mbili, mpira wa maji wenye nguvu ya kawaida ya bomba, sabuni ya maji isiyo kali, brashi ya nailoni au ya mkonge, dodoki kwa sehemu laini, nailoni au turubai la kufunikia, glavu za mpira, miwani ya kazi inayoziba pembeni, gambuti, na shati la mikono mirefu ambalo hutalililia.

Bomba la mgongoni la kupulizia kahawa lisitumike hapa. Lina mabaki ya dawa za shambani, na jiki ikikutana nayo hujui utapumua nini. Na mrututu? Kila mkulima wa kahawa anajua unaua uoto. Ni kweli, lakini huacha rangi ya bluu ukutani na ni sumu kwa samaki.

Brashi ya waya iache kwa mtu wa magari. Inakwangua gamba la tofali, na vipande vyake vidogo hubaki kwenye vitundu na kushika kutu, ndipo unapoona vidoadoa vya kahawia mwezi mmoja baadaye na kuanza kulaumu maji ya bomba.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu kwanza. Chagua sehemu ya nyuma ya nyumba yenye ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. Osha kama unavyokusudia kuosha ukuta wote, kisha subiri wiki moja. Ukuta mbichi hausemi ukweli. Ukikauka ndipo utaona kama rangi imebadilika au chumvi imetoka.

2. Jiandae. Funga madirisha. Zima swichi kuu, funika mita ya LUKU, soketi na taa za nje kwa nailoni. Funika kahawa na mboga zilizo karibu, au zimwagilie maji mengi ili tone likianguka lisiziunguze. Watoto, kuku na mbuzi wakae upande mwingine.

3. Piga brashi kavu ukuta mzima, kuanzia juu. Nusu ya uchafu huondoka hapa bila tone la maji. Kama rangi ya zamani inabanduka, usiikwangue ikiwa kavu, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Ilowanishe kwanza.

4. Lowanisha sehemu ndogo, upana wa mita moja na nusu hivi, kutoka chini kwenda juu. Tofali lililoshiba maji halinywi sabuni wala dawa; uchafu unabaki juu, mahali unapoufikia.

5. Paka sabuni, nayo kutoka chini kwenda juu. Watu wengi wanaanzia juu, sabuni inachuruzika kwenye ukuta mkavu na kuacha mistari isiyofutika. Sugua kwa duara, bila hasira.

6. Suuza kutoka juu kwenda chini mpaka maji yatoke safi. Usiache sehemu ikauke na sabuni.

7. Kama kijani kimebaki, changanya kipimo kimoja cha jiki ya dukani (nyingi zina nguvu ya asilimia 3.5 hivi, soma lebo) na vipimo vitatu vya maji baridi. Suuza sabuni yote kwanza. Pakaza kwa brashi, usipulizie, acha dakika 10 hadi 15 ukiilinda isikauke, sugua kidogo, kisha suuza kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Jiki inayobaki ndani ya tofali huacha chumvi. Usiitumie kwenye jua kali, na usiipake karibu na mabati au vyuma bila kuvifunika.

8. Acha ukuta upumue. Usipake chochote kwa wiki nne za ukavu.

| HATARI: MICHANGANYIKO INAYOUA |
|---|
| Usichanganye jiki na asidi, siki, maji ya ndimu au dawa ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. |
| Usichanganye jiki na amonia wala mkojo wa ng'ombe. Ukuta wa banda uoshwe kwa maji matupu kwanza. |
| Usiweke jiki kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi maandishi uliyoandika kwa kalamu. |
| Ukisikia harufu kali inayokaba koo, ondoka upande upepo unakotoka. Usirudi kuokoa ndoo. |

Kuhusu asidi

Utaambiwa asidi ndiyo dawa ya fundi wa kweli. Inasafisha, sikatai. Tatizo ni namna inavyosafisha: inakula. Chokaa na saruji vyote huyeyuka kwenye asidi, kwa hiyo weupe unaouona ukitoka ni pamoja na kiungio chako. Sehemu nyingine hubaki ndani, na kwa miezi inaendelea kula nondo za linta na misumari ya paa. Wengine huleta asidi ya betri kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hiyo ni mbaya zaidi, ikikutana na saruji hutengeneza chumvi nyingine zinazovimba ndani ya ukuta.

Kuna kazi moja ambayo asidi ya chumvi ina nafasi yake: matone ya saruji yaliyogandia kwenye matofali mapya yaliyoiva vizuri. Hata hapo, jaribu patasi ndogo ya mbao na maji kwanza. Ikibidi, ifanye mtu anayejua, ukuta ukiwa umeloweshwa, asidi ikimiminwa kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi, kwa sababu huchemka na kurukia uso.

Mashine ya presha

Vijana wa kuosha magari siku hizi hukodishwa kuosha na nyumba. Mashine zao nyingi hutoa maji kwa bar 100 na zaidi. Gari lina bati na rangi ya kiwandani. Tofali lako lilichomwa kwa magogo. Presha hiyo hubandua gamba, huchimba viungio na kusukuma maji ndani ya ukuta, na unyevu utaukuta chumbani wiki inayofuata. Kwa tofali laini, jiwe la chokaa au nyumba ya zamani, jibu ni hapana. Kwa ukuta wa saruji ulio imara, kubali kwa masharti: ncha ya kutawanya maji kama feni, si ile ya sindano, umbali usiopungua nusu mita, na presha ianze chini kabisa ya uwezo wa mashine. Isielekezwe juu chini ya mapaa, wala kwenye dirisha.

Na kama paa lako ni la asbesto, la zile shiti za kijivu zenye mawimbi zilizoezekwa kwenye nyumba nyingi za zamani, usilisugue wala kulipiga presha. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi hazitoki.

Ngazi

Ajali kubwa za kazi hii hazitokani na kemikali, ni kuanguka. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Udongo wetu ukilowa huteleza, kwa hiyo weka ubao mpana chini ya miguu ya ngazi, na mtu wa kuishika ambaye hana simu mkononi. Kwa ghorofa, funga jukwaa la mirunda.

Tazama waya wa TANESCO unaotoka kwenye nguzo kuingia chini ya paa. Kuzima swichi kuu hakuukati umeme kwenye waya huo. Ngazi ya aluminiamu na mpira wa maji visiusogelee. Kama ukuta unaotaka kuosha uko chini yake, waombe TANESCO wakate umeme kwa muda.

Maji machafu yaende wapi

Yasiende kwenye mfongo, mfereji wetu wa umwagiliaji. Mfongo unaopita nyuma ya nyumba yako unamwagilia magimbi ya jirani na kunywesha ng'ombe wa mwingine, na Mto Rau huko chini unalisha mashamba ya mpunga ya Lower Moshi kabla maji yake hayajaendelea kwenye bonde la Pangani. Chimba kishimo mbali na kisima na mizizi ya migomba, au tengeneza tuta la udongo chini ya ukuta ili maji yazame taratibu. Sabuni kidogo udongo utaivumilia. Jiki nyingi haitavumiliwa na kitu chochote kilicho hai humo.

Usifunike kwa vanishi

Hapa nitagombana na watu. Vanishi ya matofali inapendeza mwaka wa kwanza. Lakini ukuta wa tofali hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba nje, maji yanayopanda kutoka msingini hayana pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya vanishi na kusukuma hadi uso wa tofali unabanduka pamoja na mng'ao wake. Nilifanya hivyo kwenye ukuta wa baraza yetu, nikasifiwa Krismasi mbili, ya tatu nikawa nafagia vipande. Ukitaka kinga, uliza dawa ya kuzuia maji yenye silikoni inayoruhusu ukuta kupumua, na uipake baada ya kuziba chanzo cha maji, si badala yake.

Viungio vilivyolika vizibwe kabla ya vuli. Fundi akikupigia pointi kwenye nyumba ya matofali laini, asitumie saruji tupu na mchanga, itakuwa ngumu kuliko tofali na tofali ndilo litakalopasuka. Saruji 1, chokaa 2, mchanga 9 inatosha. Matofali yakiwa magumu, saruji 1, chokaa 1, mchanga 6.

| IKITOKEA AJALI |
|---|
| Machoni: suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukatisha, kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali. KCMC kuna idara ya macho. |
| Kwenye ngozi: vua nguo iliyolowa, suuza kwa maji mengi. Usipake mafuta wala dawa ya meno. |
| Kumeza: usimtapishe. Suuza mdomo, mpeleke hospitali na chupa yenyewe ili daktari asome lebo. |
| Kuvuta gesi: mpeleke kwenye hewa safi, akae wima. Hata akijisikia nafuu apelekwe. Mapafu huweza kuvimba saa kadhaa baadaye. |

Kabla ya kumpa mtu kazi

☐ Amezunguka nyumba na kukuambia maji yanatoka wapi, au amekuambia bei tu?

☐ Amekubali kufanya jaribio nyuma ya nyumba na kusubiri wiki?

☐ Anakuonyesha chupa zake zikiwa na lebo?

☐ Ana miwani na glavu zake, au anategemea jicho la Mungu?

☐ Mmekubaliana maji yatakwenda wapi?

☐ Mmekubaliana malipo kwa awamu? Nusu siku ya kazi, nusu wiki mbili baadaye. Chumvi, mistari na madoa ya kutu havionekani ukuta ukiwa umelowa, na fundi anayejua kazi yake hatakataa kurudi kuuangalia ukiwa mkavu.